Chakula Kisicho na Kibali: Je, Chumo Lake ni Halali?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha tule katika vilivyo halali na vizuri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeingia sokoni kama waingiavyo watu, akauza na akanunua, wala hakumdhulumu mtu.

Ama baada ya hayo. Darsa yetu imeletewa suali kutoka Nairobi, nasi tumeona tulijibu katika karatasi hii wala si kwa barua ya faragha, kwa sababu jambo lenyewe latuhusu sisi watu wa pwani kama limhusuvyo yule aliyeuliza.

Muulizaji ni mama wa Kiislamu akaaye Kibera, upande wa Makina. Kazi yake ni kukaanga njugu na kuzisaga siagi, na kutengeneza achari ya embe na ya ndimu akaitia chupani. Nyingine huuza mlangoni kwake, na nyingine ndugu yake huzichukua kuziuza Kawangware. Chupa zake hazina alama ya Shirika la Viwango, wala chumba chake hakina leseni ya afya. Siku moja walikuja watu wa serikali wakazichukua chupa zake zote, na siku nyingine alikuja askari akataka pesa amwache, naye akampa. Anauliza mambo matatu. La kwanza: je, chumo langu ni haramu kwa kuwa sina kibali? La pili: wanunuzi wangu wanakijua chumba changu na wanaridhika, je, ridhaa yao hainitoi lawamani? La tatu: pesa nilizompa yule askari zina hukumu gani?

Kabla ya kujibu yatupasa tuseme jambo moja wazi. Asije msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akadhani kuwa haya ni mambo ya mitaa ya Nairobi tu. Tazama mabuyu yetu yaliyotiwa rangi, achari zetu, kachiri zetu za muhogo na halwa zetu. Ni ngapi katika hizo zinatengenezwa majumbani mwetu, zikafungwa katika mifuko isiyo na jina la mwenye kuzitengeneza wala tarehe, kisha zikapakiwa mabasi ya usiku kwenda bara? Basi suali la mama huyu ni suali la nyumba zetu.

Kwanza na tuijue hali ya mahali penyewe. Kibera ni mahali ambapo Uislamu una mizizi. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, wamekaa hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hata jina la mahali limetokana na neno la lugha yao. Na juu ya ukongwe huo, ni mwaka 2017 tu ndipo jumuiya hiyo ilipopewa hati ya ardhi ya ekari 288. Na wengi wengine wakaao Kibera na Kawangware ni wapangaji wa chumba kimoja, ambamo hupikwa, hulalwa na hufanyiwa biashara. Maji yenyewe wengi huyanunua kwa mtungi. Na mnunuzi wa huko ni kibarua wa siku: apatapo ujira wake jioni, hununua mafuta ya kupima, maziwa ya kupima na unga wa kupima, kiasi cha chakula cha usiku ule. Hana pesa za kununua kopo zima lenye muhuri dukani, wala hapati nafasi ya kuchagua.

Sasa sheria ya serikali yasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kutosha, na kupewa khabari za kile anunuacho, na kulindwa afya yake na mali yake, na kulipwa akidhurika kwa ila ya bidhaa. Kifungu cha 43 kimesema kila mtu ana haki ya chakula cha kutosha chenye ubora ukubalikao. Baada yake ikaja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Na tangu mwaka 1965 iko Sheria ya Vyakula, Dawa na Vitu vya Kemikali, Sura ya 254, inayokataza kuuza chakula chenye sumu, au kilichoghushiwa, au kilichotengenezwa mahali pachafu. Kazi ya kutoa leseni kwa wauza chakula ni ya serikali za kaunti, na kazi ya kupima bidhaa za viwandani na kuzipa alama ni ya Shirika la Viwango la Kenya, lililoundwa mwaka 1974. Haya ndiyo mama yetu ameyakosa: leseni ya mahali, cheti cha afya cha mwenye kushika chakula, na alama ya bidhaa.

Jawabu la suali la kwanza

Twasema: kibali hakihalalishi kilicho haramu, wala kukosa kibali peke yake hakuharamishi kilicho halali. Njugu ni halali, embe ni halali, na mwenye kuzitengeneza kwa mkono wake anakula jasho lake, na hilo ni katika chumo bora. Bei iliyotimiza nguzo zake haibatiliki kwa sababu ya karatasi isiyokuwapo.

Na wala karatasi si dhamana ya kila kitu. Mwaka 2008 huko China, maziwa ya unga ya watoto wachanga, yaliyotoka katika viwanda vikubwa vyenye majina, yalipatikana yametiwa kemikali ya melamini ili yaonekane kuwa na nguvu ambayo hayakuwa nayo. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na 6 wakafa. Hapa kwetu Kenya, mwezi wa Novemba 2019, Shirika la Viwango lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi zilizojulikana nchi nzima, kwa kuwa zilionekana kuwa na sumu ya kuvu kupita kiasi. Na mwaka huo huo aina kadhaa za siagi ya njugu zilisimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Vyote hivyo vilikuwa na majina na mihuri na vikiuzwa madukani mchana. Kwa hivyo asitokee tajiri mwenye kibali akamtazama mama wa Kibera kwa jicho la dharau. Ghishi haiulizi mwenyewe ana leseni au hana.

Lakini jawabu haliishii hapo, na mwenye kulikata hapo atakuwa amejidanganya.

Mwenyezi Mungu hakusema tule halali tu, bali alisema halali na kizuri. Halali ni hukumu ya kitu. Kizuri ni hali yake: kuwa kisafi, chenye manufaa, kisichodhuru. Njugu ni halali, lakini njugu zilizoota kuvu si nzuri, na mwenye kumlisha mwenziwe kitu kinachomdhuru, naye anajua, hakuokolewa na kuwa asili ya kitu hicho ni halali.

Na ni nani anayejua? Hapa ndipo penye fundo la mambo. Wengi wetu twaijua khabari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani yake, vidole vyake vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akajibu kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Izingatie khabari hii, ewe ndugu msomaji. Mtu yule hakuitia maji nafaka yake; maji yaliletwa na mvua. Kosa lake lilikuwa ni kuiacha ila ikae chini ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Na Mtume hakutosheka na kulitazama lundo kwa juu wala hakumwamini mwenyewe kwa maneno yake, alitia mkono.

Umaji wa nafaka mkono waweza kuuona. Lakini ziko ila za chakula ambazo mkono hauzioni, wala jicho, wala pua, wala ulimi. Sumu ya kuvu, iitwayo na wataalamu aflatoksini, huingia katika mahindi na njugu zikivunwa au kuwekwa na unyevu. Kipimo kilichowekwa katika nchi za Afrika Mashariki ni kisizidi sehemu 10 katika sehemu milioni elfu moja. Maana yake ni kiasi cha gramu moja katika magunia zaidi ya 1,100 ya kilo 90. Ni jicho gani litakaloiona gramu hiyo? Kuvu yenyewe waweza kuipangusa na sumu ikabaki. Na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Wengi wao walikula mahindi ya mashambani mwao wenyewe, na mengine yaliuzwa sokoni na watu wasiojua lolote. Na wale wasiouawa nayo kwa ghafula, hula kidogo kidogo miaka mingi, ikawaharibu ini.

Basi fahamu maana ya kipimo na kibali. Kipimo ni ule mkono uliotiwa ndani ya lundo. Zama zile ila ilifikiwa kwa vidole. Leo ila nyingine hazifikiwi ila kwa chombo cha maabara. Mwenye kusema, "Mimi nina nia njema, sihitaji kupimiwa," ni kama mwenye nafaka aliyesema, "Nafaka yangu ni nzuri, usitie mkono." Nia njema ni ibada ya moyo, lakini nia njema haikaushi njugu.

Kwa hivyo, jawabu letu kwa mama huyu lina vipande viwili. Yale aliyouza zamani, naye hakuwa akijua ila yoyote ndani yake, chumo lake ni halali inshaallah, wala asiitie nafsi yake wasiwasi. Lakini tangu leo, baada ya kujua kwamba siagi ya njugu ni katika vitu ambavyo sumu yake hufichika, hana tena udhuru wa kutojua. Kutojua kwa mtu asiyeambiwa ni jambo moja; na kutotaka kujua kwa mtu aliyeambiwa ni jambo jingine, nalo liko karibu na khiana.

Jawabu la suali la pili

Amesema kuwa wanunuzi wake wanaridhika. Ni kweli kwamba biashara katika dini yetu imejengwa juu ya kuridhiana. Lakini ridhaa haiwi ridhaa ila juu ya kitu kinachojulikana. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ni marejeo yetu sisi wafuasi wa Imam Shafii, ameihesabu ghishi katika kitabu chake Al-Zawajir kuwa ni miongoni mwa madhambi makubwa, na kipimo alichokiweka ni hiki: iwapo katika kitu mna jambo ambalo mnunuzi lau angalilijua asingalikinunua kwa thamani ile, basi yampasa mwenye kuuza amjulishe. Sasa mnunuzi wa Kawangware ameridhika na nini? Ameridhika na chumba kidogo, na chupa iliyotumika ikaoshwa, na bei nafuu. Hayo ameyaona. Hakuridhika na sumu, kwa kuwa hakuambiwa kuwa yawezekana imo.

Na liko jambo la pili. Mtu mwenye njaa na shilingi chache mkononi, ambaye mbele yake hamna ila chupa moja, kukubali kwake si kukubali kwa mwenye kuchagua. Sheria ya mwaka 2012 imeliona hilo, ndiyo maana ikasema kwamba haki za mnunuzi hazianguki hata kama amekubali ziondolewe. Wataalamu wetu waliliona kabla yao: kwao, mwenye kununua kitu kisha akakuta ila ya zamani iliyofichika ana khiari ya kukirudisha na kupewa mali yake. Na Imam Ghazali, katika mlango wa chumo ndani ya Ihya, amewawekea wafanya biashara mizani ambayo mtoto aweza kuifahamu: lolote ambalo ukitendewa wewe litakuudhi na kuuelemea moyo wako, usimtendee mwenzio. Basi na ajiulize kila mwenye kuuza: je, chupa hii ningempa mwanangu aila kila siku, na huku najua ninayoyajua juu ya njugu zilizomo?

Twajua pia kuwa yuko mtu nyuma ya mama huyu ambaye hakuulizwa, naye dhambi yake huenda ikawa kubwa zaidi. Ni yule mfanya biashara wa jumla ambaye huchambua njugu zake, nzima akazipeleka kwa wenye pesa, na zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi akaziuza kwa bei ya chini kwa wenye kusaga, kwa kuwa zikishasagwa hazitambulikani. Hizo ndizo zikaazo sumu zaidi. Mtu huyu ana stoo, ana leseni, na pengine safu yake msikitini ni ya mbele. Naye ndiye aliyeiweka nafaka iliyorowa chini ya lundo.

Je, sheria si ya Waislamu, twaifuatiani?

Wako watakaosema: "Sheria hizi zimetungwa na bunge, si Qur'ani wala Hadithi, kuziacha si dhambi." Twawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni mapatano yaitwayo Hilful Fudhul. Kabla ya Mtume wetu kupewa utume, mfanya biashara mgeni kutoka Zabid, nchi ya Yemen, alifika Makka na bidhaa, akazinunua mkubwa mmoja wa Kikureshi, Al-As bin Wail, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule akapiga ukelele wa kudhulumiwa. Wakakutana baadhi ya Makureshi nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa pamoja na kila mwenye kudhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake irudi. Waliofanya mapatano hayo hawakuwa Waislamu, kwa maana Uislamu ulikuwa haujashuka, na Mtume (S.A.W.) alihudhuria, na baada ya utume akayasifu na akasema kuwa lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeitika. Basi sheria ya kumlinda mnunuzi mnyonge, nani aliyeitunga si hoja. Hoja ni je, yaondoa dhulma?

La pili ni kuwa jambo hili halikuwa geni kwa dola zetu. Alikuwako muhtasib, msimamizi wa soko, kazi yake kuamrisha mema na kukataza maovu katika mizani na vyakula. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimkabidhi Bibi Shifaa binti Abdullah baadhi ya mambo ya soko la Madina, naye ni mwanamke. Na katika karne ya 6 ya Hijra, Sheikh Al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwafunza wasimamizi wa masoko, akasema kuwa mwenye kukanda unga wa mkate afunike mdomo wake ili mate yasianguke akipiga chafya au akisema, afunge kitambaa katika kipaji chake jasho lisidondoke, na awe na mtu wa kumfukuzia nzi. Leo bwana afya akija na kitabu chake kutaka mambo hayo hayo, twasema ametuletea ya Kizungu! La, ametuletea yetu, nasi ndio tuliyoyasahau.

Jawabu la suali la tatu

Limebaki suali la pesa alizopewa askari. Wataalamu wametenganisha baina ya mambo mawili. Mwenye kutoa kwa kulazimishwa, ili aiondoe dhulma iliyomfika au aipate haki yake ambayo haipatikani ila kwa hivyo, dhambi iko kwa mpokeaji. Na mwenye kutoa ili aipotoe haki ya mwingine, wote wawili wamo dhambini.

Je, mama huyu yu wapi? Kama askari alikuja si kwa ajili ya kukagua, bali kumtisha tu mnyonge apate cha mfukoni, kama ambavyo watu wengi wa mitaa hiyo wanalalamika, basi yeye ni mwenye kudhulumiwa, na moto ni wa aliyemnyang'anya. Lakini kama ametoa ili chupa zake zisitazamwe, basi na aelewe kilichouzwa siku ile. Askari hakuuza kitu chake. Aliuza afya ya mtoto wa Gatina au wa Laini Saba ambaye hakuwapo, wala hakuulizwa, na ambaye kesho atapakwa siagi ile katika mkate wake. Na mama alinunua kitu hicho hicho. Hiyo ni rushwa, na dawa yake ni toba na kutorudia, na tusimpambie mtu jina lake kwa kuiita "chai".

Na hapa tuwaambie ukweli wenye kutawala. Sheria inayokuja na gari la kuchukulia chupa, isije na mtu wa kufundisha. Inayotaka sakafu, mfereji na maji ya bomba kwa mtu ambaye mtaa wake wote hauna mfereji. Inayomkamata mwenye beseni na kumwacha mwenye stoo. Sheria hiyo, hata ikiwa maneno yake ni mazuri, utendaji wake ni dhulma. Kuchukua chupa za mnyonge bila ya kuzipima, kisha hakuna ajuaye zilikokwenda, hakumlindi mnunuzi. Kunamfundisha tu mwenye kuuza kujificha, na chakula kinachouzwa kwa kificho ndicho chenye khatari zaidi. Mapatano ya Fudhul yalifanywa kwa ajili ya mgeni asiye na mtu. Sheria isiyomwona mnyonge imeisahau sababu ya kuwekwa kwake.

Basi afanyeje?

Tutamwambia bila ya kuficha, ijapokuwa latutia uzito. Siagi ya njugu, na kila kitu ambacho sumu yake haionekani na kinawekwa siku nyingi, aache kukiuza mpaka kipimwe. Kisichopimwa asikiuze kwa hoja ya kuwa watoto wanataka karo, kwa sababu na mnunuzi ana watoto. Lakini riziki haikufungwa. Vyakula vinavyopikwa vikaliwa moto siku ile ile, kama sambusa, chapati na maharagwe, ambavyo jicho lake laweza kusimamia usafi wake na vya mnunuzi kuviona, aendelee navyo, na huku ajitahidi kupata cheti cha afya na leseni ya kaunti kwa kadiri awezavyo. Ile achari aitengeneze kwa chupa zilizochemshwa, kamwe si chupa zilizowekwa mafuta ya taa au dawa, na kila chupa aandike jina lake, namba ya simu yake na tarehe aliyoitengeneza. Mwenye kuandika jina lake amekubali kuulizwa, na kuulizwa ndiko mlango wa uaminifu. Atakaporudi kwenye njugu, azichambue moja moja, zilizosinyaa na zenye rangi mbaya azitupe, asizile wala asizisage, na aziweke mahali pakavu, na amjue aliyemuuzia. Kuchambua hupunguza khatari sana. Lakini kuchambua si kupima.

Naye mnunuzi asikae bure. Bidhaa yenye alama ya Shirika la Viwango huwa na namba chini ya alama hiyo. Aweza kuandika katika simu herufi SM, kisha alama ya #, kisha namba ile, akapeleka 20023, akaletewa jina la mwenye kibali. Akiona havilingani, ajue kuwa ameuziwa uongo.

Kisha twageuka kwenu, enyi Waislamu wenye uwezo wa Mombasa na Nairobi. Fatwa ya kumwambia mama mjane aache chumo lake ni nyepesi kuitamka, na haigharimu karatasi. Lakini mkiisikia mkanyamaza, mmeukata mkono uliokuwa ukilisha nyumba. Misikiti yetu ina vyumba vilivyofungwa na waqfu zetu zina maduka. Ni gharama gani kukitenga chumba kimoja chenye maji, sakafu ya saruji, meza ya kuchambulia na mashine ya kusagia, wakakitumia kina mama kumi kwa zamu. Kikapewa leseni moja. Wakajiandikisha pamoja wakaomba alama moja. Na njugu zikanunuliwa pamoja na kupimwa pamoja? Jambo linalomshinda mmoja haliwashindi kumi. Tumezoea kuweka waqfu kwa mikeka na mataa, na hilo lina thawabu zake. Lakini mwenye kuweka waqfu ili mnyonge apate kuuza halali na mnyonge mwenziwe ale kizuri, sadaka yake itapita kila siku katika vinywa vya watu.

Na wewe uliye hapa pwani, ukipakia mabuyu na achari za nyumba yako kwenda bara, ujue kuwa atakayezila hatakuona wala hajui mlango wako. Yeye hana ila amana yako. Sayyidna Umar, katika khabari mashuhuri, alimsikia usiku binti akikataa kutia maji katika maziwa kama alivyoamriwa na mamake. Mama akisema Umar hatuoni, na binti akijibu kuwa Mola wake Umar anaona. Binti yule hakuwa na muhuri wala hakutazamwa na mkaguzi. Lakini tusisahau kwamba katazo la kuchanganya maziwa lilikwisha kutangazwa na Umar, naye akizunguka usiku. Soko hutengenea kwa vyote viwili: moyo wenye kumwogopa Mungu, na mkono unaotiwa ndani ya lundo. Mwenye kukitegemea kimoja tu, atapungukiwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amfungulie mama huyu mlango ulio bora kuliko ule tuliomwambia aufunge, na atujaalie kuwa sisi ndio sababu ya kufunguka kwake. Wabillahi tawfiq.